Mgombea mhafidhina amenigongea mlango: nimpime kwa kitu gani?

SWALI: Jambo, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira, naishi Lexington, Kentucky. Nimeshakuwa raia wa Marekani, na siku ya kiapo nilijiandikisha kupiga kura. Penye chama niliandika Democratic kwa sababu mama aliyekuwa mbele yangu aliandika hivyo. Jumamosi iliyopita bwana mmoja alinigongea mlango. Anagombea kiti cha bunge la jimbo kwa chama cha Republican. Alisema yeye ni mhafidhina, mtu wa kanisa, na anapinga utoaji mimba. Mimi pia niko hivyo. Lakini chama chake ndicho ninachokisikia kwenye televisheni kikisema wakimbizi wasije. Mume wangu anasema kiti chenyewe ni kidogo, tusijisumbue. Je, ni kweli ni kidogo? Na mtu wa namna hii nimpime kwa kitu gani? Mama mkwe wangu naye sasa ni raia, lakini hasomi Kiingereza. Ataweza kupiga kura?

JIBU: Jambo sana, mama. Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo ziwa letu ni moja, na kwa miaka mingi nimefundisha darasa la uraia hapahapa Kentucky. Kila msimu wa kampeni wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, huyu tumpe au tusimpe?" Hilo huwa silijibu, kwa sababu kura ni ya mwenyewe. Wewe umeuliza umpime kwa kitu gani. Hapo nina la kusema, tena refu.

Kwanza la mume wako. Bunge la Kentucky hukaa Frankfort, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kwenu. Lina Baraza la Wawakilishi lenye viti 100 na Seneti yenye viti 38. Mwakilishi huchaguliwa kila miaka 2, seneta kila miaka 4. Jimbo zima lina watu wapatao milioni 4.5, kwa hiyo kila mwakilishi anabeba watu kama 45,000. Mbunge wa Kentucky aliyeko Washington anabeba zaidi ya 750,000, na huyo waweza kuishi hapa mpaka uzeeke bila kumwona kibarazani kwako. Yule wa Jumamosi alikuja kwa miguu kwa sababu hesabu inamlazimisha. Kiti chake kinaweza kuamuliwa na kura ambazo ukizikusanya hazijazi kanisa lenu, na nitakuonyesha mfano wa mjini kwenu.

Labda ninyi mnamfananisha na mbunge wa mkoa aliyeko Bukavu. Kule wabunge wa mkoa ndio wanaomchagua gavana na ndio wanaowachagua maseneta wa Kinshasa, kwa hiyo mwananchi huona mambo yao yako mbali naye. Marekani nayo ilikuwa hivyo kwa upande wa maseneta: mabunge ya majimbo ndiyo yaliyowachagua, mpaka katiba iliporekebishwa mwaka 1913 na kura hiyo ikapewa wananchi. Leo gavana wa Kentucky mnamchagua ninyi, maseneta wa Washington mnawachagua ninyi, na mbunge wa jimbo kazi yake imebaki mbili: sheria na fedha.

Sasa fanya hivi. Kusanya karatasi zilizolala juu ya meza yako ya jikoni, za wiki hii tu. Nimekaa kwenye meza nyingi za namna hiyo nikisaidia watu kusoma barua, kwa hiyo nakisia zilizopo: slipu ya mshahara, barua ya shule, kadi za Medicaid za watoto (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), mkataba wa nyumba, pengine na karatasi za leseni ya udereva. Katika kila moja, Frankfort ina mkono wake.

Shika ile slipu ya mshahara. Kuna kodi ya serikali kuu, na chini yake kuna kodi ya jimbo. Hiyo ya pili ilikuwa asilimia 5 mpaka mwisho wa 2022. Ikashuka hadi 4.5 mwaka 2023, ikawa 4 mwaka 2024, na kuanzia 2026 ni 3.5. Aliyeishusha ni bunge hilohilo la wahafidhina, na mgombea wako bila shaka anajivunia jambo hilo. Ana haki ya kujivunia. Mtu ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni dola 30,000 kwa mwaka, kila nusu asilimia inayoshuka humwachia dola 150 mfukoni. Lakini wahafidhina hao hao, katika sheria ya 2022, walipanua kodi ya mauzo ya asilimia 6 ikafika kwenye huduma ambazo zamani hazikutozwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza si kama anapenda kodi ndogo, maana wote wanapenda. Muulize pengo linazibwa na nini, na nani analizibia.

Shika mkataba wa nyumba. Mapema mwaka 2024 baraza la jiji la Lexington lilipitisha kanuni ya kumkataza mwenye nyumba kumkataa mpangaji kwa sababu tu analipa kwa vocha ya serikali ya kumsaidia kodi ya nyumba. Ndani ya wiki chache bunge la Frankfort likapitisha sheria ya kuzuia mji wowote wa Kentucky kuwa na kanuni kama hiyo. Gavana Andy Beshear, ambaye ni wa Democratic, aliipigia kura ya turufu. Bunge likaipindua turufu yake. Hoja ya wahafidhina ilikuwa kwamba nyumba ni mali ya mtu na serikali isimlazimishe kuingia mkataba asioutaka. Ni hoja yenye uzito kwa mwenye nyumba. Kwa mama anayetafuta vyumba vitatu akiwa na vocha mkononi, uzito wake ni mwingine. Mwambie mume wako kwamba kiti anachokiita kidogo kinaweza kufuta kwa alasiri moja kilichoamuliwa na jiji zima.

Kadi za Medicaid nazipitia haraka kwa kuwa wewe mwenyewe unajua thamani yake. Karibu mtu mmoja kati ya watatu Kentucky anatibiwa kwa mpango huo. Fedha nyingi zinatoka Washington, lakini masharti mengi na sehemu ya malipo vinapangwa jimboni.

Barua ya shule ndiyo nataka tukae nayo, kwa sababu hapo ndipo utaona kwamba neno "mhafidhina" lina watu tofauti ndani yake.

Kwa miaka kadhaa viongozi wa Republican huko Frankfort wametaka fedha za umma ziruhusiwe kwenda kwenye shule zilizo nje ya mfumo wa umma. Mahakama zikawazuia kwa kutumia katiba ya jimbo. Wakaamua kuwaomba wananchi wairekebishe katiba hiyo, na swali likawekwa kwenye karatasi ya kura ya Novemba 2024. Siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, Donald Trump alipata kura zaidi ya sita katika kila kumi za Kentucky. Marekebisho ya shule yakaanguka. Yalianguka katika kaunti zote 120, hata zile za milimani mashariki ambako Trump hana mpinzani. Nenda kwenye kaunti ndogo za huko utaelewa. Shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa, ndiyo ukumbi wa mikutano, ndiyo mahali mji mzima unapokusanyika usiku wa mechi. Shule binafsi hakuna hata ya kuonyesha kwa kidole. Mkulima mhafidhina akajiuliza fedha yake itakwenda kusomesha mtoto wa nani, akaweka alama ya hapana, kisha akamchagua mbunge wake wa Republican kama kawaida.

Kwa hiyo bwana akikuambia "mimi ni mhafidhina", hapo hujaambiwa kitu bado. Mimi huwagawa katika makundi matatu, ingawa mtu mmoja anaweza kusimama katika mawili. Yupo mhafidhina wa biashara: anataka kodi ndogo, kanuni chache na wafanyakazi wa kutosha, na kwa sababu hiyo ya mwisho mara nyingi hana ugomvi na mkimbizi anayeamka alfajiri kwenda kazini. Yupo wa kanisa, ambaye mimba, ndoa na malezi ya watoto ndivyo vilivyomwingiza kwenye siasa. Na yupo wa uhuru, wa mwelekeo wa mbunge Thomas Massie wa kaskazini mwa jimbo, anayeishuku serikali yoyote, hata ile inayoongozwa na chama chake. Kundi hili lilipata nguvu baada ya makatazo ya wakati wa korona. Katika mchujo wa Mei 2022, yaani uchaguzi wa ndani wa chama wa kupata mgombea, wabunge watatu wa Republican waliokuwa na vyeo na miaka mingi bungeni, wote wa kaskazini mwa Kentucky, waliangushwa na wagombea wa mwelekeo huo. Hawakuangushwa na Democratic. Waliangushwa nyumbani.

Na mfano wa mjini kwenu ndio huu. Kiti cha 45 kina sehemu ya Lexington na sehemu ya kaunti jirani ya Jessamine. Aliyekikalia alikuwa Killian Timoney, Republican, mtu wa elimu kwa kazi yake, na katika mambo ya shule alithubutu kupiga kura kinyume na wenzake. Mei 2024 alipingwa ndani ya chama na mgombea aliyesimama kulia kwake zaidi, aitwaye Thomas Jefferson, jina lilelile la rais wa tatu wa Marekani. Timoney akaanguka. Ikaja Novemba, Jefferson akakutana na Adam Moore wa Democratic, naye akaanguka kwa tofauti ya kura chache mno. Usiku huohuo kiti cha 88, ambacho nacho kina sehemu ya Lexington, kikaenda upande wa pili: Vanessa Grossl wa Republican akamwondoa Cherlynn Stevenson wa Democratic. Katika mji mmoja, usiku mmoja, viti viwili vikabadilishana vyama. Kama kiti chenu kiko katika sehemu hizo za pembezoni mwa mji, kura yako na ya mama mkwe wako zina uzito ambao mtu wa kaunti ya mbali hana. Ndiyo maana mgombea alipanda ngazi zako.

Usidhani alikugongea kwa bahati. Wagombea hununua nakala ya daftari la wapiga kura. Jina lako limo, anwani yako imo, chama ulichojiandikisha kimo, na uchaguzi uliowahi kushiriki umo. Uliyempigia kura hayumo, wala hatajua. Mara nyingi daftari hilo liko kwenye simu anayoitazama kabla ya kugonga. Alikuona umejiandikisha Democratic, raia mpya, na bado akaja. Tafsiri yangu ni kwamba anakuhesabu kama mtu anayeweza kushawishika, na mtu anayetaka kukushawishi ana deni la kukujibu.

Sasa nije kwenye mambo mawili yanayokuvuta huku na huku: mimba na wakimbizi.

La mimba ni lake kweli. Tangu tarehe 24 Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoondoa ulinzi wa kikatiba uliokuwapo kwa karibu miaka 50, suala hilo limerudi mikononi mwa majimbo. Kentucky ilikuwa imeshaandaa sheria tangu 2019, ikisubiri siku hiyo. Leo utoaji mimba umekatazwa karibu wote, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini au akiwa katika hatari ya kupata madhara makubwa ya kudumu. Aliyebakwa hajatajwa, wala mtoto aliyepewa mimba na ndugu yake. Novemba 2022 wananchi waliulizwa kama katiba iandikwe kwamba haina haki yoyote ya kutoa mimba, wakakataa kwa tofauti ndogo. Sheria ikabaki palepale. Kwa hiyo mtu anayekuambia leo "napinga utoaji mimba" anakuambia jambo ambalo sheria imeshalitenda. Palipobaki pa kupiga kura ni kwenye yale mapengo. Wewe unapinga, naheshimu imani yako, tena najua wenzetu wengi waliotoka Kivu wanapinga huku wamewahi kuketi na wasichana waliotendewa ukatili vitani. Muulize: msichana wa miaka 13 aliyebakwa, sheria yako inamwambia nini? Msikilize bila kumsaidia maneno. Jibu lake, liwe lolote, litakuambia mengi kuliko neno "kanisa" alilokutajia mlangoni.

La wakimbizi kwa sehemu kubwa si lake. Nani aingie Marekani kama mkimbizi, wangapi, kutoka wapi, yote hayo yanaamuliwa Washington chini ya sheria ya mwaka 1980. Aliyesimamisha mapokezi ya wakimbizi Januari 2025 ni rais. Mgombea wa Frankfort akikuahidi kuwaleta ndugu zako walioko kambini, au akimwahidi jirani yako kuwazuia, ujue anauza kisicho chake. Na hapa Kentucky kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: mpango wa kuwapokea wakimbizi katika jimbo hili hausimamiwi na serikali ya jimbo. Unasimamiwa na shirika la misaada la Kanisa Katoliki huko Louisville. Katika jimbo la wahafidhina, watu wa kanisa ndio walioshika funguo za nyumba yako ya kwanza. Mkumbushe hilo bwana wako wa kanisa, kwa upole. Huenda kanisa lake nalo lilitoa magodoro.

Hata hivyo usimwachie aseme tu kwamba si kazi yake. Mkimbizi akishafika na kushuka uwanja wa ndege, maisha yake ya kila siku yako chini ya jimbo. Mtihani wa leseni ya udereva utolewe kwa lugha gani. Muuguzi aliyesomea Bukavu apite hatua zipi kabla ya kuvaa tena sare yake. Shule yenye watoto wengi wanaoanza Kiingereza ipate walimu wangapi wa ziada. Polisi wa mji walazimishwe kufanya kazi ya idara ya uhamiaji au wasilazimishwe. Hayo yanapigiwa kura Frankfort. Mimi ningemuuliza kuhusu hayo manne, na hotuba za televisheni ningeziacha zipite.

Kuna hesabu moja zaidi unayohitaji. Baada ya uchaguzi wa 2024, Republican walikuwa na viti 80 kati ya 100 katika Baraza la Wawakilishi na 31 kati ya 38 katika Seneti. Kentucky, tofauti na majimbo mengi, turufu ya gavana inapinduliwa kwa wingi wa kawaida: kura 51 kule na 20 huku, basi. Maana yake ni kwamba ugomvi wa vyama unaouona kwenye televisheni mara nyingi ni maonyesho. Uamuzi wenyewe unafanyika katika kikao cha ndani cha wabunge wa Republican, mlango umefungwa. Kutokana na hesabu hiyo, wapo wanaosema: mchague Republican mwenye masikio, awe sauti yako ndani ya chumba hicho. Wapo wanaojibu: sauti ya mtu mmoja kati ya 80 humezwa, afadhali mchague mpinzani atakayesema hadharani. Nimewasikia wote wawili kwa miaka mingi na sioni kwamba mmoja ni mjinga. Kinachoamua ni mtu mwenyewe: je, huyu anaweza kusimama peke yake?

Nakumbuka siku moja ya Machi nimekaa na wanafunzi sita kwenye roshani ya wageni huko Frankfort. Ukutani kuna ubao wenye majina ya wabunge wote. Muswada ukasomwa kichwa chake tu, taa zikaanza kuwaka, kijani, kijani, kijani, safu nzima. Katikati ya safu ikawaka nyekundu moja. Mwanafunzi wangu mmoja, baba mtu mzima kutoka Bukavu, akanigusa bega: "Mwalimu, yule mwekundu atafanywa nini?" Nikamwambia hatafanywa kitu leo. Atafanywa Mei.

Mei ndiyo mchujo, na hapa nazungumzia ile karatasi uliyoijaza siku ya kiapo. Kentucky mchujo umefungwa: wa Republican wanapiga kura ya Republican, wa Democratic ya Democratic, na asiye na chama, kwa viti vya vyama, anangoja Novemba. Viti vingi vya bunge havina hata mpinzani wa maana mwezi Novemba, kwa hiyo mshindi amepatikana Mei, na waliompata ni wachache. Katika michujo ya 2022, 2023 na 2024, waliojitokeza jimbo zima hawakufika mmoja kati ya watano. Wanaojitokeza ni wale wenye hasira au wenye imani kali, na mbunge analijua hilo kila anapoinua kidole kubonyeza kitufe cha taa yake. Yule mwekundu niliyemwona alikuwa anawaogopa watu elfu chache.

Kama kiti chenu ni cha upande wa Republican, basi wewe uliyejiandikisha Democratic huna neno pale panapoamuliwa. Unaweza kubadilisha, bila ada na bila kadi ya uanachama, na Novemba unabaki huru kumchagua yeyote. Lakini lazima ubadilishe kabla au siku yenyewe ya tarehe 31 Desemba ya mwaka unaotangulia mchujo. Ukichelewa siku moja, umekosa mwaka mzima. Wengi wameshabadilisha: tangu Julai 2022 waliojiandikisha Republican Kentucky wamewapita Democratic, jambo ambalo jimbo hili halikuwa limeliona. Sikushauri ubadilishe wala ubaki. Mara ya kwanza uliandika kwa kumtazama mama wa mbele yako; mara hii tazama kiti chenu kinaamuliwa mwezi gani, kisha uandike kwa sababu yako mwenyewe.

Neno moja la tahadhari, na tafadhali lifikishe kanisani kwenu. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia, asijiandikishe kupiga kura hata akisukumiwa fomu na mtu mwenye tabasamu. Ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini. Mwaka 2024 wananchi wa Kentucky waliandika hata kwenye katiba ya jimbo kwamba asiye raia hapigi kura. Nimeona familia ikitetemeka kwa ajili ya fomu iliyojazwa kwa nia njema.

Basi bwana akirudi, na watarudi kabla ya Novemba, mkaribishe kibarazani. Mpe kiti kama ulivyolelewa. Kisha muulize mambo machache ambayo hawezi kuyajibu kwa kipeperushi. Mwaka 2024 watu wa kaunti hii walikataa fedha za umma zitoke kwenye shule za umma. Muswada wa namna hiyo ukirudi kwa mlango mwingine, utapiga kura gani? Lini mara ya mwisho ulipingana na viongozi wa chama chako, na ilikuwa juu ya nini? Kama amewahi kukaa bungeni, usimwulize alivyopiga kura. Kaangalie, kwa sababu kila kura imeandikwa kwa jina kwenye tovuti ya bunge, na televisheni ya umma ya KET hurusha vikao. Kama ni mgeni, tazama waliomchangia, maana hesabu za fedha za kampeni hupelekwa kwenye rejista ya jimbo na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mwanao wa sekondari atakuonyesha kwa dakika kumi. Mgombea wa Democratic naye akija, mpe kiti hichohicho na maswali hayohayo.

Mimi binafsi namwamini zaidi anayesema "hilo sijalifikiria, nitakurudia", kisha akarudi. Nimewaona wahafidhina wa namna hiyo, na nimewaona wa upande wa pili pia. Anayekubaliana na kila neno lako mlangoni atakubaliana na kila neno la jirani yako vilevile. Akishinda, usimwache. Bunge huanza wiki ya kwanza kamili ya Januari, hukoma ifikapo tarehe 15 Aprili katika miaka shufwa na tarehe 30 Machi katika miaka witiri, na wakati huo kuna namba ya simu isiyolipiwa ya kumwachia mbunge ujumbe. Katika suala dogo lisilo na kelele, ujumbe kutoka kwa wapiga kura kumi na watano wa eneo lake ni mzigo mzito kwenye dawati lake.

Nimalizie kwa mama mkwe. Ndiyo, ataweza. Ahakikishe amejiandikisha, kwa sababu siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa kawaida ni siku 29 kabla ya uchaguzi. Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, lakini kwa mzee ni heri zile siku tatu za mapema, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi zinazotangulia, foleni ni fupi. Achukue kitambulisho chenye picha. Asiyesoma Kiingereza ana haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ili mradi msaidizi huyo asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Anaweza kukuchukua wewe. Mtapewa fomu ya kiapo mtie saini wote wawili, kisha utamsomea majina kwa Kiswahili, taratibu, moja moja, na utaweka alama pale atakapokuonyesha yeye, hata kama si pale utakapokuwa umeweka yako.